Fundi Norbert Haoi

Baraka, 6 Machi 2000

Mudogo wangu Wilfried,

Rulo ya karatasi yenye picha zako imefika bila kuloa. Mahmudu aliishusha kutoka botini kwake akiwa ameifunga ndani ya koti lake, yeye mwenyewe amebaki na shati katika upepo ule wa ziwa. Shati lenyewe lina kiraka kwenye kiwiko, kimeshonwa vizuri mpaka nikamuuliza: "We Mahmudu, umeoa lini bila kutualika?" Akacheka, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Jana Jumapili tumeonyesha. Ukumbi wa parokia hauna mabati tena, askari wamejiezekea kwao, basi tumehamia katika depo ya bia ya Mama Bushira. Mafuta ya taa ni ndoto. Nimeziba madirisha yote kwa mikeka, nikabakiza lile la magharibi, nikaweka pale kisanduku chetu cha kuzungushia rulo ili jua lipige nyuma ya karatasi. Wilfried, ni zuri kuliko taa! Shida yake ni kwamba jua halingoji. Likigusa milima ya Fizi sinema imekwisha, hata kama Mama Godelieve wa mchezo wetu yuko katikati ya tusi.

Wamecheka sana. Walimu hatulipwi, barabara ya kupanda Fizi imefungwa, redio inadanganya kwa lugha nne, lakini kila mtu Baraka anajua kwamba baba Anatole bado hajamaliza paa la nyumba yake tangu tulipoanza mchezo huu mwaka wa themanini na tisa. Vijana wanaiga mikono ya watu wako. Ulivyochora Mama Godelieve akiinua mwiko picha baada ya picha, nikizungusha haraka mwiko unapanda kweli, na wanaume wa mbele wanainamisha vichwa.

Sasa neno langu, mimi dada yako mkubwa. Norbert, fundi wetu wa nguo katika chumba cha uani kwa Mama Godelieve, ameshona gauni la bibi harusi wa nane, na wa nane naye ameolewa na mwingine. Siti muuza samaki wa ndagala amepaza sauti: "Huyu fundi anavalisha bibi za benzake, yeye atavaa nini?" Ni kweli. Utani umechoka. Nataka Pasaka aoe. Nimemchagulia mjane Adolphine, nimeshaandika mpaka ugomvi wa mahari, utacheka. Mchore.

Mama anauliza utarudi lini. Kiti cha Baba anakipangusa kila asubuhi. Unajua desturi ya nyumba yetu: mtoto hakikalii mpaka alete mke. Basi leta.

Rulo nairudisha uchore upande wa pili. Nimeizungusha mpaka mwanzo kama ilivyo sheria yetu: anayeonyesha ndiye anayezungusha kurudi mwanzo.

Yaya wako,
Pulchérie


Kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Tanzania, 2 Aprili 2000

Yaya,

Norbert haoi.

Usirushe barua kwanza, soma. Miaka yote hii wewe umeandika mdomo wa Norbert, mimi nimechora mikono yake. Nakuambia mikono ile haijawahi kumtaka hata mmoja wa wale mabibi harusi. Ilitaka gauni likae vizuri, basi. Tumemcheka miaka kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Nina mtu wa kuingiza katika nyumba ya Mama Godelieve. Anaitwa Eddy, fundi wa mota za boti. Jumatatu anamletea Norbert shati lililochanika bega. Norbert analishona. Jumatatu inayofuata shati lile lile, limechanika mahali pengine. Mama Godelieve anasema: "Huyu Eddy anapigana na nani huko ziwani?" Watu watacheka. Halafu tutamwonyesha Eddy peke yake nyuma ya boti, analitazama shati zima, anaangalia kushoto na kulia, analipasua mwenyewe.

Ni hivyo tu. Pasiwe na hotuba. Mwishoni Mama Godelieve anaongeza sahani moja mezani bila kusema neno, na Eddy anakula pamoja nao. Mimi naweza kuchora sahani. Maneno madogo ya kuizunguka unayaweza wewe peke yako.

Nachora kwenye maboksi ya sabuni sasa, gundi ni uji wa muhogo, mende wanakula hadithi kabla ya watu.

Msalimie Mama. Kuhusu kiti, mwambie asichoke kukipangusa.

Mudogo wako,
Wilfried


Baraka, 29 Aprili 2000

Wilfried,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilikasirika. Nikasema: mudogo wangu amekaa kambini mpaka jua limemwingia kichwani. Nilianza kukujibu kwa kurasa tatu za hoja, na nilipofika ya tatu nikagundua kwamba hoja zangu zote ni za Placide katekista. Nikazichana. Siku nitakayokubaliana na Placide kwa jambo lolote nje ya Baba Yetu, nizikwe.

Nimefikiri hivi. Katika nyumba ile tumeweka mwizi wa mbuzi, na watu wamempenda. Tumeweka mlevi. Tumeweka mume wa wake watatu anayelala njaa nyumba zote tatu. Tumeweka hata askari aliyepora, na alipolia kwa kumkumbuka mama yake watu walilia naye. Norbert hajamchukulia mtu kitu. Kama meza ya Mama Godelieve inamtosha mwizi na haimtoshi fundi aliyependa, basi meza hiyo ina ugonjwa, na tumekuwa tukiwalisha watu ugonjwa huo kwa kicheko.

Kwa hiyo nakubali, tena si kwa kunong'ona! Nimeandika hotuba. Norbert anasimama sokoni Baraka, juu ya kreti, na kusema mbele ya wote anampenda nani. Ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Hatimaye nimepata vita yenye maana, si kama hii ya kwao.

Na nimeshaianza. Jumapili baada ya misa nimetangaza mbele ya kamati ya parokia. Ungeona.

Placide: "Mwalimu, unataka batu bajifunze nini?"

Mimi: "Bajifunze kwamba mutu asiyeua na asiyechoma nyumba ya jirani si adui. Placide, ni nani amechoma Baraka? Bafundi ba nguo?"

Akauliza kwa ule mdomo wake: "Na huyu mudogo yako, mambo haya ameyatoa wapi?" Nikamjibu kwa fahari: "Wilfried anaujua moyo wa Norbert kama moyo wake mwenyewe. Atachora ukweli mtupu." Watu wa boti za Kigoma walikuwepo, wamesikia, watayapeleka maneno yangu mpaka ng'ambo.

Eddy umemtoa wapi kweli? Yu hai kama mtu ninayemjua.

Chora soko. Chora kreti.

Yaya wako mpiganaji,
Pulchérie


Lugufu, 11 Juni 2000

Yaya,

Barua hii inakuja kwa boti nyingine. Usinitumie tena kitu kwa Mahmudu. Mahmudu hapiti tena huku.

Nilionyesha mashati hapa kambini kwa kisanduku changu, bila hotuba. Eddy alipopasua shati lake watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke mmoja wa Swima alifuta machozi akasema, "Masikini, anatafuta sababu." Alielewa, Yaya. Wengi walielewa na walikuwa bado wanacheka. Wiki mbili nzima watu walinisalimu njiani kwa kunionyesha mabega ya mashati yao.

Halafu maneno yako yakafika na boti.

Kisanduku kimevunjika. Kwaya wamesema nipumzike kidogo. Nimehamia sehemu nyingine ya kambi, ni pazuri, kuna mgomba.

Nakuomba: mwondoe Eddy. Mwandikie safari, aende Kazimia, asirudi. Fanya iwe fupi.

Wilfried


Baraka, 9 Julai 2000

Wilfried,

Hapana.

Yaani kisanduku kimevunjika na wewe unakunja mikono? Tutatengeneza kisanduku kingine! Kwaya wanakupumzisha, nawe unapumzika? Uliniletea moto mwenyewe, nikaupuliza, sasa umewaka unaniambia niumwagie maji. Hapa Mama Bushira ametishiwa kufungiwa depo na hakutetemeka. Mimi naitwa majina sokoni, nayarudisha majina hayo na faida juu. Norbert hawezi kujitetea, ni karatasi. Sisi ndio midomo yake. Anayemleta mtu mezani kisha akamnyang'anya sahani ni mwoga, na sikujua kwamba nyumba ya baba yetu imezaa

Jioni, siku ile ile.

Nimeacha sentensi hiyo ilivyo, uione.

Mahmudu amekuja. Sasa anabeba samaki kati ya Kazimia na Baraka tu, havuki tena. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikamkaribisha ale bukari na sombe, akakataa kuingia. Akaniona na kalamu.

"Mwalimu, unamwandikia Wilfried?"

"Namwandikia ukweli wake."

"Usimwandikie ukali. Anaumwa bado."

"Anaumwa nini?"

"Hakukuambia? Kisanduku kilivunjikia mugongoni mwake, Mwalimu. Meno mawili yameenda. Nilitaka kubaki naye. Akanifukuza. Akasema, 'Kama uko hapa watajua ni nani. Enda, usivuke tena.' Mimi nimeenda." Alikuwa ameshika kiwiko cha shati lake, pale penye kiraka. Nikakitazama kile kiraka. Ni mishono midogo midogo, ile aliyotufundisha Mama sote wawili, wewe ukamzidi kila mtu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa na historia. Nimesoma kila kitabu kilichopita parokia hii. Na nimejibu mbele ya kamati nzima, kwa fahari, bila kuelewa, swali ambalo mwanamke wa Swima alishalijua jibu lake kwa kutazama bega la shati.

Hotuba nimeichoma jikoni. Ndani ya bahasha hii kuna safari ya Eddy, fupi kama ulivyoomba. Anakuja wakati wa chakula, anasimama mlangoni kuaga, anakataa kukaa. Norbert anamrudishia mashati yake yote, yameshonwa. Anateremka pwani. Boti inaondoka. Norbert anabaki na shati moja ambalo Eddy alilisahau, analikunja. Basi.

Sikuulizi kitu. Rudi ukitaka. Ukinyamaza nitanyamaza na wewe, ingawa unajua itanigharimu.

Yaya


Lugufu, 20 Agosti 2000

Yaya Pulchérie,

Hukuuliza, kwa hiyo nitasema. Ndiyo. Mahmudu. Tangu kabla ya vita ya kwanza, tangu alipokuwa akinipitisha Swima bure na kuniambia nauli ni kuimba.

Sikukuficha kwa sababu nakuogopa. Wewe ukijua jambo unalibeba kama bendera, na mimi sikutaka kuwa bendera. Nilitaka kuwa sahani ya ziada mezani. Nilidhani nikimpa Norbert kwanza, nitaona jinsi watu wanavyomtazama, halafu nitajua kama naweza kurudi. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu, naye Norbert aliufanya kwa niaba yangu. Sasa nimeona. Wanapocheka ni watu wazuri sana. Ni wanapoacha kucheka ndipo sijui niwategemee vipi.

Nimechora safari ya Eddy. Nimeionyesha mara moja tu, uani kwa mama mmoja mzee wa Fizi, watu wachache. Rulo nampa Arlette, anayekwenda kununua samaki Kazimia, atatafuta boti ya kuifikisha kwako. Ni ya mwisho. Karatasi zilizobaki nimewapa watu wa kufungia chumvi.

Kuna watu wanaandikisha wanaotaka kwenda mbali, nchi za baridi. Nafikiri nitakwenda. Tafadhali Mama asijue kwa nini. Mwambie kiti ampe mtoto wa mjomba.

Wilfried


Baraka, 2 Oktoba 2000

Wilfried,

Usiandikishe kitu mpaka usome barua hii yote. Kama umeshaandikishwa, jiondoe.

Boti zilikuwa zimezuiwa mwezi mzima. Mahmudu ameleta rulo juzi, akanipa mkononi. Jana tumeonyesha. Depo ilijaa: walikuja waliotutukana, wote, maana kumtukana mtu ni jambo moja na kukosa kipindi cha Mama Godelieve ni jambo lingine. Placide alikuwepo. Mama mbele kabisa, na mkongojo wake. Mahmudu alisimama nyuma karibu na mlango.

Askari pale pwani walikuwa wametuchelewesha kwa upekuzi wao, jua limeshainama. Nikaweka rulo, nikafungua, na picha ya kwanza kuonekana ni Norbert peke yake anakunja shati. Mwisho! Mudogo wangu, umesahau sheria! Kwa mara ya kwanza tangu themanini na tisa, umeituma bila kuizungusha. Nikataka kusimamisha. Watu wakaanza kupiga miluzi: "Zungusha! Jua inaenda!" Nikatazama dirishani, jua limebakiza vidole viwili juu ya mlima. Nikazungusha.

Norbert akalikunjua shati. Ziwa likawa tupu. Halafu boti ikaingia, kwa mkia.

Siti: "Boti gani hii inakuja na matako mbele?"

Ikabidi niseme kitu. Karatasi ya maneno haikunifaa tena. Nikasema kwa sauti ya Mama Godelieve: "Inarudi. Mwenye kuifukuza na aifukuze sasa, mi niko na chungu jikoni."

Eddy akashuka, akapanda ufuko kinyumenyume, mgongo mbele, mashati yameshonwa mikononi. Depo nzima ikapasuka kicheko. "Anatembea kama kaa!" Nikasema: "Muacheni. Mutu aliyefukuzwa anarudi kwa mugongo, asione nyuso za wenye kumufukuza." Kicheko kikapungua. Sikukipunguza mimi, nakuapia. Sikuwa na hoja hata moja. Nilikuwa nakimbizana na jua tu, nasema ninachokiona.

Akampa Norbert mashati. Moja, jingine, jingine. Norbert akayapokea yote. Placide akainuka, akatoka, na watu kama wanne wakamfuata. Hakuna aliyewafuata zaidi.

Tukafika kwenye picha uliyoifanya ya kwanza. Mama Godelieve na nyumba yake yote wako mezani, Norbert kati yao, Eddy amesimama mlangoni. Ulimchora vile kwa sababu alikuja kuaga. Lakini sisi tulikuwa tumemwona akivuka ziwa lote kuja, na safari imemalizikia hapo, amesimama. Rulo ilikuwa imekwisha. Sikuwa na picha nyingine ya kuzungusha. Jua likaanza kuingia mlimani na Eddy akaanza kufifia, bado yuko mlangoni, na mimi, Wilfried, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, sikuwa nalo.

Ndipo Mama akapiga mkongojo chini.

"Mumupe kiti!" akasema. "Yule mutoto ametoka mbali, munamutazama tu?"

Mtu mmoja akajibu: "Mama, ni karatasi."

"Karatasi inachoka pia. Mumupe kiti."

Na Mama Bushira, anayeelewa kila kitu vibaya kwa wakati unaofaa, akageuka, akamwona Mahmudu amesimama nyuma, akamsukumia kreti ya bia. "Kaa basi, wazee banasema ukae." Watu wakacheka. Mahmudu akakaa. Giza likaingia.

Tulipofika nyumbani Mama akavua viatu, akauliza: "Ile mikono ya Norbert, ni ya Wilfried?" Unajua mimi si mtu wa kukwepa swali, lakini ulinikataza. Nikanyamaza. Mama akasema, "Unapiga kelele tangu uzaliwe, leo ndio unanyamaza. Basi nimejua." Akachukua kitambaa akapangusa kiti cha Baba, ingawa alishakipangusa asubuhi. Kisha akasema: "Desturi ya baba yenu ilikuwa mutoto asikikalie peke yake. Neno 'mke' aliliweka kwa sababu hakuwaza lingine. Mume wangu hakuwaza mambo mengi."

Sikudanganyi. Baraka haijageuka. Leo asubuhi kuna aliyenitemea mate njiani, na Placide anaandaa mahubiri. Askari ni wale wale. Hakuna mahali pa kukuahidi usalama, ningeahidi ningekuwa redio. Ninachojua ni kwamba nyumba moja ina kiti, na depo moja jana ilitazama mtu amesimama mlangoni na ikaona vibaya kwamba amesimama.

Amua wewe. Sitakusukuma. Naandika hilo huku nimeshika meza.

Yaya wako,
Pulchérie

N.B. Bado nakulaumu kwa kusahau kuzungusha.


Kigoma, 22 Oktoba 2000

Yaya,

Sikusahau.

Niliizungusha mpaka mwanzo, nikaifunga kwa uzi mara mbili, nikampa Arlette. Mkono wangu hauwezi kusahau hilo, ungeuliza mikono, kama ninavyokuambia siku zote. Nimemwuliza Arlette alimkabidhi nani Kazimia. Amesema boti zilipozuiwa aliiacha kwa Mahmudu, na mwezi ule mzima ilikuwa naye.

Mahmudu hajui kusoma, lakini anajua kutazama. Ameifungua, amekwenda picha kwa picha mpaka ameona Eddy anaondoka na Norbert anabaki na shati. Halafu alipaswa kuzungusha. Ameona sheria yetu mara mia, anaijua. Hakuzungusha. Sijui kama alikusudia au mikono ilikataa tu. Nitamuuliza.

Sikuandikisha jina. Niko Kigoma, natafuta boti. Nimebeba wino na meno yaliyobaki.

Sijui kitakachotupata huko. Nakuomba jambo moja tu, usitangaze kwamba ninakuja, usije na watu pwani, usiandike kitu. Uwe unapika.

Na umwambie Mama kiti kimoja hakitatosha.

Wilfried